Waliponifunga Utepe wa Njano

Ndugu zangu, ninamshukuru Mungu aliyenileta mbele yenu leo nikitembea kwa miguu yangu miwili. Kusema mbele ya watu kunanitia haya, kwa hiyo nimeandika, nami nitasoma polepole.

Kazi yangu ni kufunga magunia ya viazi tunayoteremsha kutoka Masisi mpaka soko la Sake. Viazi vizuri ninavifunga kwa kamba nyekundu, na hivyo ndivyo vinavyoshushwa kwanza kwenye lori. Vya daraja la pili vinapata kamba ya njano, vinangoja. Mwenye mali ni Papa mmoja, yaani mzee mfanyabiashara wa kutoka Butembo. Mwanawe, Kasereka, ana umri kama wangu.

Huyo Kasereka nilimwonea wivu tangu zamani. Yeye alikuwa akikaa mbele na dereva, mimi nikikaa juu ya magunia na mvua yangu. Lakini siku ile ya ajali kiti cha mbele kilijaa, naye akapanda juu.

"Amani, sogea kule," akaniambia akicheka. "Leo niko mukubwa wa viazi."

Nikasogea. Kabla ya kufika Sake, lori likateleza kwenye matope, likalala ubavu.

Nilipofumbua macho, mfupa wa mguu wangu ulikuwa umetoka nje ya ngozi. Nililia sana. Kasereka alikuwa ameangukiwa na gunia tumboni. Watu walipoliondoa alikaa kimya, hana hata mkwaruzo. Gari lililokuwa likipita likatubeba sote wawili mpaka Goma, kwenye hospitali inayopokea majeruhi.

Pale mlangoni muuguzi alitugusa, akatutazama macho, akasikiliza pumzi zetu. Kisha akamfunga Kasereka utepe mwekundu mkononi. Mimi akanifunga wa njano.

Ndugu zangu, utepe ule uliniuma kuliko mfupa. Nilijua maana yake, maana ndiyo kazi yangu! Wakamsukuma Kasereka mbio kwenye chumba cha upasuaji. Mimi walinisafisha kidonda, wakakifunika, wakanyoosha mguu kwa ubao, wakanitundikia maji ya dawa. Wakasema ningoje.

Mama yangu alipofika nikamwambia, "Mama, wamechagua mutoto ya tajiri. Mimi niko kiazi ya pili."

Mama akakasirika. Akasema, "Basi turudi. Kule kwetu iko Papa anafunga mifupa na mianzi. Hatangojesha mutoto yangu."

Akaanza kunifungia kwenye kitenge. Muuguzi akaja, akashika kile kitenge bila ukali.

"Mama, ngoja kwanza. Mufupa ilitoka nje, uchafu iliingia. Ukifunga na mianzi juu yake, muguu itaoza ndani, na tutaikata."

"Mbona ule mwingine amepita? Haiko hata na kidonda."

"Njo maana amepita. Damu inamwagika ndani ya tumbo. Nyekundu haiko ya watu wakubwa, Mama. Ni ya ule anaweza kufa sasa hivi."

Mama akaketi. Mimi sikuamini. Hata waliponipasua wakaunga mfupa kwa vyuma, hata nilipoamka mguu wangu ungalipo, wivu ulikuwa umelala kitanda kimoja nami. Tuliwekwa chumba kimoja na Kasereka. Jamaa zake walipomletea jibini na maziwa, niligeukia ukutani. Mama aliponipa viazi vitamu, sikuvitaka.

Siku moja Kasereka akaniita.

"Amani, ile siku nilikuonea wivu sana."

"Wivu ya nini? Wewe njo ulipita mbele."

"Nilikuwa nasikia unalia na nguvu, unaita mama yako. Mimi pia nilitaka kuita mama. Sauti ikakatala. Baridi ilikuwa inapanda toka miguu. Nikawaza, ule angali na pumzi ya kulia. Kama ningekuwa yeye!"

Akafunua shuka. Mshono ulikuwa umeshuka kutoka kifuani mpaka chini ya kitovu. Kitu kilichokuwa kimenikaza rohoni kikalegea, nikalia tena, sasa bila kelele. Kisha nikamwomba kipande cha jibini.

"Sasa njo unasema?" akacheka, huku ameshika tumbo. "Usinichekeshe, munganga wa hospitali alikataza."

Ndugu zangu, Bwana aliniponya mara mbili pale, na mguu ulikuwa uponyaji wa pili kwa ukubwa. Ukiumia vibaya, usikimbilie kufungwa mianzi. Nenda hospitali. Na ukiona mwingine anapitishwa mbele yako, mwache apite. Mungu anaona ndani ya tumbo, mahali ambapo macho yako hayafiki. Mtegemee.

Nimerudi kwenye kazi yangu ya magunia. Kasereka bado anakaa mbele na dereva, na wivu bado unanigonga mlango mara kwa mara. Lakini kila ninapofunga kamba nyekundu, ninamwombea mtu nisiyemjua ambaye saa hiyo anasukumwa mbio, hawezi hata kumwita mama yake. Mwombeeni pamoja nami. Amina.