Upande wa Kulia wa Marehemu

"Kesho tunaanua matanga, Kenga. Picha ya baba iko wapi?" Mwanamke yule hakujali kwamba feri nzima ya Likoni ilikuwa ikimsikia.

"Imo kwenye kompyuta, dada Dama, na kompyuta imegoma mara sita tangu asubuhi," alijibu fundi wa studio ya Mwembe Tayari. "Kumbukumbu yake ni ndogo. Mmeniletea picha nane za watu wanane, niwaunganishe kama waliosimama pamoja. Kila mmoja anakaa kwenye tabaka lake, kama karatasi juu ya karatasi, na matabaka manane yanaijaza, inazimika. Nikiwagandisha wawe picha moja, itapumua."

"Wagandishe basi. Nani kakukataza?"

"Nyinyi. Wakishaganda hawasogei tena. Mamako kanambia yeye ndiye wa kulia kwa mzee. Mama yenu mdogo, mke mwenzake, kaja, kanambia kulia ni kwake. Mchana mamako karudi. Kutwa nasogeza wake za watu mpaka mashine inakufa. Patanani nyumbani, nami nitawapa picha kwa dakika kumi."

Nilijifanya natazama maji. Mafundi wa mji huu nimewasikia wakisingizia umeme; huyu ndiye wa kwanza kusingizia ndoa, na nilimwamini.

Dama alifunga leso yake kwa nguvu. "Basi mtoe baba," alisema. "Yeye keshaondoka. Asipokuwepo, hakuna kulia kwa kugombania."

Kenga alifungua mdomo, lakini mlango wa feri ulishuka kwa kishindo, na sote tukasukumwa nchi kavu.