Marehemu Thadei Millanzi na Mibuni ya Mzee Cosmas

Marehemu Thadei Millanzi alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 kijijini Lukuledi, Masasi, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Daudi na Bi Adelina. Alisoma hapohapo kijijini mpaka darasa la saba, mwaka 1967.

Mwaka 1970 alijiunga na jeshi, akawa dereva wa malori. Kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuficha magari wakati wa mazoezi: kupaka taa tope, kufuta alama za magurudumu, kubadilisha matawi kabla hayajanyauka. Oktoba 1973 walikuwa mazoezini Mbinga. Thadei, aliyekulia kwenye mikorosho, hakuwahi kuuona mbuni, mti wa kahawa. Jioni alikata matawi yenye majani mazito akafunika malori matatu. Asubuhi vitumba vyote vya maua vilikuwa vimechanua, vyeupe pe, vinaonekana toka mlima wa pili.

“Millanzi,” luteni wake alimwuliza, “umeficha malori au umepamba harusi?”

Mwenye shamba, Mzee Cosmas, hakucheka. “Kijana, umekata mavuno yangu.”

Thadei alitumia likizo tatu mfululizo kumpandia mzee miche mipya kwenye shamba la juu. Huko ndiko alikomjua binti yake, Gaudensia, wakafunga ndoa tarehe 19 Juni 1976. Mzee aliridhia ndoa, lakini kusema amesamehe, hakusema. Alimwita “mwanajeshi” tu.

Mwaka 1988 walihamia London, Gaudensia alipopata kazi ya uuguzi, wakakaa mtaa wa Edmonton. Thadei aliendesha basi miaka ishirini na miwili. Mzee Cosmas alipofariki mwaka 1994, Thadei hakupata ruhusa kazini kwenda kumzika. Jambo hilo lilimkaa rohoni.

Mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa. Jumapili, tarehe 6 Oktoba 2024, akiwa kitandani hospitalini, alimwuliza mkewe, “Mama Adelina, mzee alinisamehe kweli?”

“Nawe Baba Adelina! Watu walipokuja kutaka kununua shamba la juu, aliwajibu, ‘Lile si langu, ni la mwanangu Thadei.’ Kaka alinisimulia.”

“Mbona hukuniambia?”

“Nilidhani unajua.”

Alimwomba arudie. Gaudensia akarudia, taratibu, neno kwa neno. Thadei alifariki Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, Gaudensia, watoto wawili, Adelina na Cosmas, wajukuu watano, na dada yake, Bi Martha, wa Lukuledi.

Ee Mungu, mlaze Thadei mahali pa amani.