Shem na Maua ya Mpaka

Shem alikuwa ameketi mwisho wa benchi, pale kona ya Kabiria, kahawa imempolea mkononi. Jana Mama Waithera alimpa kibarua cha kupalilia shamba lake Waithaka, naye kwa bidii yake ya kijinga akang'oa hata matoka, yale maua ambayo wenyeji wa huko hupanda kuonyesha mpaka. Kwao Butere mpaka ni miti. Nani angemwambia kwamba mpaka huchanua? Mama alipiga nduru, akaapa watakutana kortini. Shem hakupata usingizi. Alitaka kujua jambo moja tu, kama atafungwa, na kwa ujinga wa pili akaja kuliuliza kijiweni.

— Tulia, Shem, alisema Ndungu, ambaye huitwa Jaji kwa sababu aliwahi kuwa shahidi, mara moja. Hiyo ni civil. Civil hakuna jela. Mnakaa chini, unaambiwa ulipe, unaenda home.

— Usimdanganye mtoto wa wenyewe! alidakia Karanja, ambaye huitwa Bondi kwa sababu alimwekea binamu yake dhamana, binamu akatoroka. Hiyo ni criminal, buda. Civil unashtakiwa na jirani. Criminal unashtakiwa na serikali.

— Serikali inaingilia wapi? Maua ni ya Mama.

— Nani alikuwa anamwagilia?

— Mvua.

— Na mvua ni ya nani?

Benchi zima lilitikisa kichwa kukubali. Shem alizisikia pingu kabisa.

— Lakini criminal lazima waprove bila shaka yoyote, Jaji alisema. Hayo maua yatapangwa mstari na maua mengine, kama washukiwa, Mama aonyeshe yake. Kwani yako wapi?

— Nilipea ng'ombe.

— Wewe! Umelisha ng'ombe ushahidi?

— Sikujua! Na sasa inaharisha.

— Basi ushahidi unapotea hivi tukiongea! Ng'ombe ni ya nani?

— Ya Mama Waithera.

Bondi alipiga paja.

— Kesi imeisha! Ng'ombe ndiyo mshtakiwa wa pili, na mwenye ng'ombe ndiye ataiwekea bond. Mama hawezi kushtaki na kudhamini.

— Inategemea kama ng'ombe ilikula asubuhi, alisema Jaji. Asubuhi ni civil.

Shem alikuwa ameanza kupumua aliposimama mbele yao Hannah, mke wa shemeji yake Mama Waithera, mwenye shamba la upande wa pili wa yale maua. Wawili hao wameishi kwa amani tangu waolewe.

— Shem, sijakuja na maneno ya korti, alisema kwa upole. Tunataka tu kupanda mengine. Twende utuonyeshe, mstari ulikuwa unapita wapi?

Jaji alitazama kikombe chake. Bondi alitazama barabara.

Shem alifumba macho, akalitafuta lile shamba. Hofu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko ile ya jela, kwa maana kutoka kwa Mama mpaka kwa Hannah aliona udongo mtupu, laini, uliopaliliwa vizuri sana.