Talitha Kitwa, Aliyeomba Sauti Ishushwe

Wasikilizaji wapendwa, Talitha Kitwa amefariki. Amefariki Jumanne asubuhi, hospitalini, hapa hapa Kamina, kwa malaria iliyopanda kichwani. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Amezikwa Alhamisi. Naanza na hayo kwa sababu tangu juzi watu wananisimamisha barabarani kuniuliza kama ni kweli. Ni kweli. Talitha Kitwa, binti wa Mwalimu Zébédée, yule mhudumu wa ndege, hayupo tena.

Mimi ni Nahum Kalonji. Sina maneno makubwa leo. Nitawaeleza tu alivyoishi, na jambo moja alilolifanya ndani ya ndege, ambalo hata baba yake hakulijua mpaka wiki hii.

Nilikwenda nyumbani kwao kwenye kilio. Mwalimu Zébédée ameketi uani, koti amevaa, mikono juu ya magoti. Watu wanaingia, wanampa mkono, anawashukuru. Anamshukuru kila mtu kwa sauti ileile. Ukimtazama utadhani anangoja mkutano uanze. Nilimuuliza kama amekula. Akaniambia, "Ndiyo." Dada yake Talitha, Shekina, akanitikisia kichwa nyuma yake. Hakuwa amekula.

Talitha alikulia nyumba hiyo. Mama yao aliugua kichwa kwa muda mrefu, ugonjwa ambao kila kelele ilimchoma. Talitha alikuwa mkubwa wa watoto. Shekina ananiambia: "Yeye njo alitufundisha kufunga mulango na mikono mbili. Moja inavuta, moja inazuia. Mama akilala, hata sahani hatukuzigonganisha. Na Talitha hakutupigaka. Alikuwa anatutazama tu." Mama yao alifariki Talitha akiwa bado sekondari, kwenye shule ya Wamethodisti.

Baadaye alikwenda Lubumbashi kusomea hoteli na utalii. Kampuni moja ndogo ya ndege ikamchukua. Ndege zenyewe ni zile za mapangaboi mbele, zinazotetemesha hata meno. Talitha akawa mhudumu. Lubumbashi, Kamina, Kalemie, na kurudi.

Wengi wenu mmepanda ndege hiyo. Mnajua hali ilivyo. Huyu anacheza video kwa sauti yote. Yule anaongea na simu mpaka ndege inaanza kukimbia. Mwingine kuku wake analia chini ya kiti. Talitha alipita katikati na sauti yake ndogo. Mzee akimwita, alijibu kwa Kiluba, kwa heshima yote, "Eyo vidye," yaani ndiyo bwana, hata kama mzee mwenyewe alikuwa amemwita kwa kupiga vidole. Siku moja mchungaji alisimama kuhubiri wakati ndege inatikisika mawinguni. Talitha alingoja mstari uishe, akamgusa mkono. "Pasta, Mungu anasikia hata mukiwa mumeketi." Mchungaji akaketi. Talitha akamfunga mkanda. Watu wakacheka, na mchungaji naye akacheka.

Sasa nawaeleza hilo jambo. Ruhusa nimepewa na mwenyewe, Mama Mujinga, jina la heshima la Kiluba, mjane wa askari, anayekaa kule Base, kwenye kambi ya jeshi. Amekuja mwenyewe hapa studio. Amesema nitaje jina lake.

Ilikuwa mwaka jana, majira ya mvua. Ndege ilikuwa inatoka Lubumbashi kuja Kamina. Mama Mujinga alikuwa kiti cha mbele. Mume wake, sajini, alikuwa amefia hospitalini Lubumbashi siku mbili kabla. Mwili wake ulikuwa ndani ya ndege hiyohiyo, chini, kwenye mizigo. Na watoto wao walikuwa wanangoja uwanjani Kamina. Walijua baba ni mgonjwa. Hawakujua kwamba amekufa.

Talitha alimwona mama huyu hajagusa maji. Akachuchumaa kando yake. Mama Mujinga akamnong'oneza. Ananisimulia hivi: "Nilimuambia, bana yangu iko bananingojea. Habayajua bado. Hii ndege iko na bantu ya Kamina. Mutu mumoja akijua, akishuka tu atapiga simu, na bana yangu batasikia kwa mutu ya barabara. Usiambie mutu. Talitha akanijibu: Minyi sitasema, mama."

Nyuma kulikuwa na kundi linalotoka harusini. Walikuwa na spika, ile ya kubeba mkononi. Walikuwa wanaimba na kupiga makofi. Hawakuwa watu wabaya, wasikilizaji wapendwa. Walikuwa na furaha. Lakini Mama Mujinga alikuwa ameuma kitambaa chake cha kichwa ili kilio kisimtoke. Kila wimbo wa bibi harusi ulipoanza, alikaribia kushindwa.

Talitha akaenda nyuma. Alipita kwa kila mmoja wao, akachuchumaa, akaomba. "Ninaomba sauti ishuke, mama. Ninaomba sauti, papa." Wakamuuliza, kwa nini? Akajibu, "Abiria mmoja anahitaji utulivu." Wengi wakanyamaza. Mwenye spika hakukubali.

"Abiria gani? Akuye aniambie mwenyewe. Minyi nimenunua kiti yangu."

"Ndiyo, papa. Kiti iko yenu. Ninaomba tu muziki ikae kwa kiti yenu, isitoke."

Watu walicheka. Kicheko hicho kilimkera mwenye spika. Akaongeza sauti. Talitha akaomba tena. Akaongeza tena. Ndipo Talitha alipokwenda kwa rubani, na rubani akamwamuru yule bwana, mbele ya ndege nzima, azime. Akazima. Njia iliyobaki ilikuwa mlio wa injini peke yake.

Walipotua, Talitha alishusha watu wote kwanza. Mama Mujinga akawa wa mwisho. Talitha alimshika kiwiko mpaka chini ya ngazi, akamwacha pale, kwa sababu mama mwenyewe alitaka kutembea peke yake. Mama akawachukua watoto, akawapeleka nyuma ya jengo, akawaambia. "Balisikia kwa kinywa yangu," Mama Mujinga anasema. "Hapana kwa kinywa ya mutu mwingine. Hiyo njo kitu Talitha alinifanyia."

Yule bwana aliaibika. Akaishitaki tabia ya mhudumu kwa kampuni. Wafanyakazi wenzake wameniambia kwamba mkuu wa kazi alimwita Talitha. Akamwambia: mlete huyo abiria aliyehitaji utulivu, atoe ushahidi, na jambo liishe. Kumleta maana yake ilikuwa kwenda kugonga mlango wa kilio, kumtoa mjane matangani, kumketisha mbele ya mkuu wa kazi. Talitha hakwenda. Hakumtaja mtu. Wakamwondoa ndani ya ndege, wakamweka Kamina, kwenye kaunta ya mizigo. Hapo ndipo mmekuwa mkimwona. Alikuwa anapima masanduku. Hakurudi tena angani.

Baba yake alimuuliza wakati ule kilichotokea. Alijibu, "Mambo ya kazi, papa."

Mama Mujinga hakujua hata kimoja. Alisikia tangazo la kifo hapa kwenye redio yetu, akalikumbuka jina lililokuwa kwenye kifua cha yule mhudumu. Alitoka Base kwa miguu mpaka kwenye kilio, akaketi mbele ya Mwalimu, akamsimulia yote. Nilikuwepo. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe." Akasema tena, "Kumbe njo vile." Halafu akamuuliza Mama Mujinga watoto wake wanasoma darasa gani.

Habari zimesambaa. Jana mtu alinipigia simu. Alisema spika ilikuwa yake. Alisema alidhani dada yule anajionyesha tu. Alitaka kujua kama familia itakubali aje kutoa pole. Nilikwenda kumuuliza Mwalimu Zébédée.

"Akuye," akaniambia, yaani aje. "Biti bya kukaa biko. Lakini kwa redio, usitaje jina yake. Bana yake basisikie."

Sikumtaja, wasikilizaji wapendwa.

Kwa Mwalimu Zébédée, kwa Shekina na wadogo zake, kwa wafanyakazi wenzake Talitha wa uwanja wa ndege, poleni sana. Kwa Mama Mujinga na watoto wake, ambao kidonda chao kimefunguliwa upya wiki hii, poleni pia. Mtakaokwenda kilioni, Mwalimu hajalia bado. Shekina anaomba msimwambie alie, wala msimwambie asilie. Mpeni mkono, mkae naye.

Nasi tuliobaki tufikiri kidogo. Ndani ya ndege, ndani ya treni, hapa nyumbani ukuta kwa ukuta na jirani, kuna siku mtu atakuja kukuomba ushushe sauti. Utamuuliza sababu, na hatakuambia. Shusha. Huenda sababu ipo, na si yake kuisema.