Kimya cha Kona ya Msalaba

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Bi Odile, chini kabisa ya barabara ya mlimani, na mashindano ya magari ya kupanda mlima yakikaribia wazee wote wa kijiji hukaa pale na vikombe vyao vidogo vya kahawa, maana hapa kwetu Ardèche, milimani Ufaransa, gari halitazamwi, linasikilizwa, kila kona ina jina lake na mlio wake. Asubuhi ile nilikaa nao, mtoto kifuani, kwa sababu mume wangu Gilles alikuwa huko juu anafanya mazoezi na kigari chetu, Pejo 205 Rali nyeupe, haina redio wala madoido, ndiyo maana hata seremala kama yeye aliimudu, nyepesi kama kopo lakini ina wazimu. Alikuwa anashuka. Tukamsikia Kona ya Kinu, tukamsikia darajani, halafu Kona ya Msalaba, kimya.

— Amezima, nikasema. Kwa nini amezima?

— Tulia, binti, akasema Kabureta, fundi mstaafu. Anapoza injini.

— Katikati ya kona?

— Hajazima! akadakia Meja, ambaye umeja wenyewe aliupata kwenye bendi ya tarumbeta. Nilimfunda mimi: ndani ya kona usiachie mafuta, ukiachia tu mkia unakuja mbele. Akikanyaga sawasawa gari linapaa, na likipaa halisikiki. Vyaelea, vimeundwa!

— Ulimfunda kwa gari gani, Meja? akauliza Bi Odile. Wewe una baiskeli.

— Baiskeli haina kona?

— Mimi nasema ameona uyoga, akasema Bi Odile. Mvua ya juzi imeuotesha, mwanamume gani ataupita?

— Gilles hali uyoga, nikasema, na sauti yangu sikuijua.

— Basi anabadilisha plagi, akasema Kabureta. Au anatutega, anashuka gari limezimwa, atatokea hapa kama paka. Kimya kingi kina mshindo mkuu, binti, na mshindo ndio ushindi.

Mtoto akaanza kulia, nikasimama, nikakaa, nikasimama tena. Meja akaagiza kahawa nyingine.

Ndipo likafika gari la mikate kutoka bondeni, linaendeshwa na yule dada mgeni, wiki yake ya kwanza kwetu. Akaegesha, akabeba kikapu, akasikia nusu ya ubishi, akakitua.

— Hiyo kona iko mbali?

— Mbali wapi! akacheka Meja. Kwa gari ni hapo hapo tu.

— Na nani amepanda kumtazama?

Kabureta akakoroga kikombe kisicho na kitu. Bi Odile akanyoosha mikono, nami nikamtupia mtoto, nikafungua mlango wa gari la yule dada, nikakaa juu ya mikate ya watu.