Winifrida na Klachi Iliyokataa Kuachia

Winifrida Pasikali anastaafu tarehe 30 Oktoba 2024, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana ya ushirika wetu wa wakulima hapa Kibondo. Alitoka Kasulu akiwa binti mwenye sanduku moja na maswali mengi. Sanduku lilishachakaa likatupwa. Maswali bado yapo.

Hapiti mahali bila kuuliza. Mwaka jana daktari aliyempima presha ilibidi amweleze jinsi kipimo chake kinavyojaa upepo, huku foleni nje ikinung'unika. Stoo yangu ya vipuri ameipekua kuliko panya.

Kuuliza kwanza kabla ya kushika kazi kuna chanzo, na hukisimulia mwenyewe. Alipokuwa bado mgeni hapa, trekta letu kuukuu jekundu lilikataa kuingia gia. Akaambiwa klachi imekwisha, naye akaamini. Akalitenganisha vipande viwili, injini huku, giaboksi kule, kazi ya jasho na magogo ya kulitegemeza. Pleti ya klachi ikakutwa nzima kabisa. Chini ya pedali lilikuwa limekwama gunzi la hindi, pedali haifiki mwisho. Winifrida alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo hashiki spana kabla ya kuuliza, na kwa klachi swali ni lilelile: inateleza, au haiachii? Ikiteleza, injini inanguruma na trekta haliendi, na harufu ya kuungua inakufikia. Isipoachia, gia zinakwaruza hata ukikanyaga mpaka chini. Kisha huvua kiatu na kuikanyaga pedali kwa mguu mtupu, aisikie.

Mwezi huu, akiwa anakaribia kuondoka, trekta lilelile likagoma tena. Lilikuwa limekaa bandani tangu masika, chini ya bati linalovuja. Wakulima wa Murungu walishasafisha mashamba wakisubiri kulimiwa, na bodi ilisema likishindikana safari hii litauzwa chuma chakavu. Dereva wake Japhet, ambaye ndiye anayerithi karakana, akaja na wimbo wa madereva wote: klachi imekwisha.

Tukamtazama Winifrida. Akavuta kigoda, akakalia mikono yake. Ndiyo, aliikalia, kwa sababu aliijua. Mwenyekiti alimsihi sana.

"Nikiligusa leo, mwakani mtamwita nani?" akamjibu. Kisha akamgeukia Japhet. "Imekwisha vipi, mwana wanje?" yaani mwanangu, kwa Kiha chao.

Japhet akajaribu gia, zikakwaruza. Akavua buti, akakanyaga. Akachungulia chini ya pedali, hakuna gunzi. Akakanyaga tena, halafu akasema taratibu, "Haijaisha, mama. Imeshika mno. Kutu imeigandisha."

Japhet akapasha injini moto, akaizima, akalipeleka wazo lake uwanjani pasipo na mtu: tulilisukuma trekta mpaka huko, akaweka gia, akaliwasha hivyohivyo. Likaruka, likaenda. Akiwa amekanyaga klachi mpaka mwisho, akagonga breki. Bado. Akagonga tena na tena, nasi tumeshika vichwa, mpaka tukasikia kitu kikiachia kwa ndani. Trekta likasimama, injini ikiendelea kunguruma. Gia ikaingia laini.

Winifrida akaitoa mikono yake, imekufa ganzi. Alisema neno moja la Kiha, "Ego," yaani ndiyo, halafu akalia mbele yetu bila kujificha. Wengine nasi tulijifuta macho, tukasingizia moshi.

Mama Winifrida, asante. Trekta liko Murungu, linalima. Nenda salama Kasulu, ukapumzike. Tunakutakia afya, shamba lenye rutuba na majirani wenye subira ya kujibu. Sisi usituhofie: tangu asubuhi Japhet anazunguka karakana nzima, anamuuliza kila mtu kwa nini bati la banda linavuja.

Salumu Dadi, mtunza stoo