Kijumba cha Mama Ladislaus

Benchi letu liko nje ya stesheni ya Sundbyberg, huku Uswidi. Jumamosi hiyo ya Machi 1973 theluji ilikuwa inayeyuka, tukalowa makalio wote na hakuna aliyeinuka, maana chupa ya kahawa ilikuwa yangu na sikuwa na haraka. Kesi ya siku ilikuwa ya Ladislaus, fundi wa malori kule Södertälje. Mama yake alifariki Bukoba mwezi Januari, barua ikamfikia wiki tatu baada ya maziko. Jamaa akaenda dukani, akanunua kijumba cha kulishia ndege, chenye nguzo mbili na paa la pembetatu, akakipigilia ukutani chumbani kwake na kuweka picha ya mama ndani. Gitau, Mkenya tunayemwita Askofu, alikiona jana yake, akaja kukishtaki kijiweni.

— Hiyo ni ibada ya sanamu, bwana. Kitoe leo.

Mashauri akamkatiza. Huyu anasomea usanifu wa majengo, ndiyo maana tunamwita Ramani. Akasema Warumi wa kale walikuwa na vijumba vya namna hiyo ukutani, kwa Kilatini aedicula. Ndani walikaa miungu walinzi wa nyumba, na kila siku walimegewa chakula. Askofu akajibu kwamba Warumi hao hao ndio waliomsulubisha Bwana, tena nyumba gani haina mlango? Ramani akamwambia nyumba njema si mlango. Methali ya watu ikaaibishwa mchana kweupe. Nikaona niwape ukweli: askari mmoja wa Kirumi alipotea njia mpaka huku, akatundika kijumba chake mtini, ndege wakala sadaka, Waswidi wakadhani kilijengwa kwa ajili ya ndege. Hakuna aliyenipinga, nadhani kwa heshima ya kahawa.

Ladislaus hakucheka.

— Sikumzika, alisema. Kila asubuhi namwamkia pale, basi. Mkisema ni dhambi nitakitoa. Lakini nimwamkie wapi?

Mwisho wa benchi alikaa Getrude, mwanafunzi wa uuguzi aliyefika kutoka Tanga wiki ile ile, kikombe kakikumbatia kwa mikono miwili. Akamgeukia Ladislaus.

— Pole sana, kaka. Mama aliitwa nani?

Askofu akamwangalia Ramani, Ramani akaniangalia mimi. Mwezi mzima tunampa mwenzetu pole, na marehemu tulimjua kama Mama Ladislaus, hivyo tu. Niliona aibu kweli.

Ladislaus alisema kwao mtoto hamtaji mama kwa jina, na yeye hajawahi kulitamka hata mara moja. Akainama.

— Paskazia, akasema. Paskazia Kokugonza.

Askofu akavua kofia, na baridi ile.

— Muache hapo, Ladi. Na jina lake uliandike chini ya picha.